Vigingi Vilivyoota Majani

Mama Domitille wa Shari, pembeni mwa mji wa Bunia, Kongo, alikuwa na orodha ya wale asiowasalimia. Hawakuwa wengi, lakini aliwatunza vizuri, kama mkulima anavyotunza mbegu. Wa kwanza alikuwa Antoine, mume wake, aliyekwenda Komanda kununua mchele. Alisema atakaa siku tatu. Alikaa miaka kumi, akajenga nyumba huko na akazaa huko. Wa pili alikuwa Papa Dominique wa Mazingira. Wa tatu hakuwa mtu, ulikuwa mti. Ulikuwa kalitusi, mkaratusi kwa wengine.

Kisa cha kalitusi hakiwezi kueleweka bila bonde. Chini ya Shari, pale nyumba zinapokwisha, palikuwa na chemchemi inayotoka chini ya jiwe, na mbele yake kipande cha ardhi nyeusi, laini, ambayo ukiichoma kwa kidole inatoa maji. Hapo Domitille alilima mchicha wa lenga-lenga, biringanya na vitunguu vya majani. Kipande hicho alipewa na mama mkwe wake, Scholastique, mwaka ule Antoine alipopotelea Komanda. Mama mzee alimshika mkono akamzungusha pembe zote za bonde.

“Mutoto wangu amekutupa,” akamwambia. “Mimi sijakutupa. Lima hapa, ukule, ulishe na batoto.”

Mwaka uliofuata Scholastique akafa. Maneno yake hayakuandikwa popote, na hata kama yangeandikwa, Domitille asingeyasoma, kwa sababu baba yake aliona karo ya shule ni ya wavulana. Hata hivyo, kwa watu wa pale mpaka hauandikwi. Mpaka unapandwa. Uko mti wenye majani marefu membamba, unauita tu mti wa mpaka, ambao ukikata fimbo yake na kuichomeka ardhini inashika na kuota. Mwenye shamba anaupanda mbele ya chifu na majirani. Mvua mbili, yaani misimu miwili, zikipita bila mtu kuung’oa, maneno yamekwisha. Na hakuna anayeuchoma jikoni, hata akikosa kuni za kuivisha maharagwe ya mtoto mgonjwa, kwa sababu moto wa mti huo, wanasema, unapika ugomvi. Scholastique alikuwa ameupanda mstari mmoja tu, upande wa juu, karibu na njia. Pande nyingine aliziacha. Alikuwa na watoto tisa wa kulisha, na kila mtu alipajua.

Sasa tuje kwa Papa Dominique.

Mwanzoni mwa mwaka 2000 Bunia ilikuwa chini ya waasi, na waasi walikuwa na serikali kamili: mawaziri, mihuri, vizuizi barabarani, na hata ofisi ya Mazingira. Dominique alikuwa agent wa ofisi hiyo. Alikuwa amekulia mjini Kisangani, mtoto wa karani, na alivaa viatu vyeusi vinavyong’aa hata mvua ikinyesha. Siku moja alishuka bondeni na karatasi, akifuatana na chifu wa kartie, yaani wa mtaa, Jean-Pierre, ambaye alipenda kufuatana na yeyote mwenye karatasi.

“Mama, weka kidole hapa,” Dominique akasema. “Ni mambo ya miti.”

“Miti gani?”

“Miti ya projet, ya mradi. Dunia inakauka, mama. Bazungu walikutana huko mbali, wakakubaliana kila nchi ipande.”

“Na siye ndiyo tuliikausha?”

Jean-Pierre akacheka. Dominique hakucheka. Akamwonyesha wino. Domitille alifikiri ni orodha ya watu watakaopewa miche ya machungwa, kama ile ya mapadri zamani. Akatia kidole. Kumbe alikuwa ametia kidole kwamba analiacha bonde lake kwa hiari, liwe msitu wa kulinda chemchemi.

Wiki ya pili wakarudi na miche ya kalitusi kwenye gari. Domitille alilia, akatukana, akalala juu ya matuta ya vitunguu. Wakamwinua. Hasira ile haikumtoka tena. Ilikaa kifuani kama mfupa wa samaki.

Lakini liko jambo la siku ile ambalo hakulisimulia kwa miaka minne, kwa aibu. Msitu wa Serikali ulitakiwa kuzungushiwa vigingi. Karatasi ilisema vigingi vya mbao ngumu. Mbao hizo zilikuwa zimekwisha kwenda kushika paa la jiko la Dominique. Kwa hiyo aligeuka akatafuta mtu wa kumtuma, na aliyekuwa karibu, mwenye panga, alikuwa Domitille.

“Mama, kata fimbo zozote, uje uzichomeke. Nitakupa sabuni.”

Na alikwenda. Watoto hawakuwa na sabuni. Alipanda juu njiani, na kwa kuwa alikuwa haoni mbele kwa machozi, alikata zilizokuwa karibu, kwenye mstari wa Scholastique. Akazileta begani. Dominique alisimama juu ya jiwe kavu, akanyoosha kidole: hapa, songa kidogo, hapa. Domitille alipiga kimoja baada ya kingine, thelathini na kimoja, kuzunguka shamba lake mwenyewe. Jean-Pierre alikaa kivulini na pombe ya ndizi akihesabu kwa sauti. Mwisho Dominique akampa kopo la rangi nyeupe apake vichwa. Kisha akampa kipande cha sabuni, nusu.

Hapo ndipo Domitille alipomweka Dominique kwenye orodha.

Kalitusi ni mti wenye haraka. Mvua mbili tu, na ilikuwa imempita mtu urefu mara tatu. Na kadiri ilivyopanda, ndivyo maji yalivyoshuka. Zamani ukiweka bidoni, dumu la maji, chini ya jiwe, unasalimiana na jirani mara moja, imejaa. Sasa ulikuwa unamsalimia, unamuuliza habari za watoto wake wote, unasengenya mke wa katekista, unanyamaza, unaanza tena, na bidoni iko nusu. Wanawake walipanga foleni tangu alfajiri. Domitille alikwenda ofisini kwa miguu yake.

“Miti yako inakunywa maji,” akasema.

“Weye ulisoma wapi?” Dominique akamuuliza. “Miti inaleta maji. Iko mu kitabu.”

“Basi enda ukateke mu kitabu.”

Dominique alimtoa nje. Na mwanamke aliyeokota kuni mle msituni alitozwa faini, na askari wakampigia kelele, wakati malori ya mbao kutoka upande wa Komanda yalipita mchana kweupe kuelekea mpakani, magogo mazito kama ng’ombe, na askari wameketi juu yake. Hakuna aliyeyauliza kama dunia inakauka. Domitille aliyaona kila alipokwenda sokoni, na kila alipoyaona alitema mate.

Halafu vita vikaingia mjini kwenyewe.

Mwezi wa tano wa 2003 askari wa Uganda, waliokuwa wameushika mji, waliondoka, na waliobaki na bunduki wakaanza kugombea mitaa. Hayo yaliyoonekana njiani siku zile hayahitaji kusimuliwa hapa, waliokuwepo wanayajua. Watu walikimbilia uwanja wa ndege, wakalala kando ya waya wa Umoja wa Mataifa, maelfu kwa maelfu, chini ya plastiki. Domitille alifika na watoto wake wawili wadogo, sufuria moja na panga. Chini ya plastiki ya jirani alikuwa mwanamke kutoka Djugu, jina lake Bénédicte, aliyekuwa mwalimu wa darasa la tatu hadi shule yake ilipochomwa. Mahali pengine wangeambiwa wasizungumze, huyu kabila hili na yule lile. Pale walichangia moto.

Lakini moto unataka kuni. Siku ya nne hakukuwa na kijiti karibu na kambi. Risasi zilipotulia, Domitille alimtazama Bénédicte.

“Mwalimu, minajua mahali iko miti mingi.”

“Ya nani?”

“Ya Serikali.”

“Serikali gani? Iko wapi leo?”

“Ndiyo maana tunaenda leo.”

Walishuka bondeni, na nyuma yao wakafuata wanawake ishirini, kisha mia. Domitille ndiye aliyekata wa kwanza. Hakuukata kama mtu anayetafuta kuni. Alikata kwa ajili ya kidole kilichotiwa wino, kwa ajili ya nusu kipande cha sabuni, na ule wa tatu alikata kwa ajili ya Antoine. Bénédicte alisimama akamtazama.

“Mama, huo ulikuwa umekwisha kufa. Pumzika.”

Baada ya siku kumi msitu wa Mazingira ulikuwa umekuwa maharagwe ya moto na nguzo za mahema. Ofisi yenyewe iliporwa milango na madirisha, na karatasi zake zilionekana sokoni zikifungia maandazi.

Askari Wafaransa walikuja kutuliza mji, wakaenda, wengine wakaja. Mwezi wa tisa Domitille alirudi Shari. Nyumba ilikuwa na kuta, ilimtosha. Bénédicte hakuwa na pa kurudi, kwa hiyo alikuja naye, akalala jikoni. Asubuhi ya kwanza Domitille alishuka bondeni, na kabla hajafika alisikia sauti ambayo hakuisikia kwa miaka miwili: maji yakianguka juu ya jiwe. Alisimama palepale. Aliweka bidoni, akaanza kumsalimia Bénédicte, na kabla hajamaliza bidoni ikamwagika.

“Sasa nimsengenye nani?” Bénédicte akauliza. “Hata muda hakuna.”

Tangu siku hiyo Domitille alianza kulima. Visiki vya kalitusi vilikuwa havijafa. Kila asubuhi vilitoa vichipukizi vya rangi ya fedha, na kila asubuhi yeye alivikwanyua kwa vidole, kimoja kimoja, kama anayemchambua mtoto chawa. Lenga-lenga ikatoka, kisha vitunguu. Alipaswa kufurahi. Lakini alipoinua macho aliona kile kilichomnyima usingizi: vigingi. Vyote thelathini na kimoja vilikuwa vimesimama, vimeota majani marefu, na chini ya majani bado ilionekana rangi nyeupe. Watu wenye njaa ya moto walikata kila kitu mle bondeni, wakaacha vigingi. Hakuna aliyethubutu kupika ugomvi.

Na mpaka ule ulikuwa mpaka wa Serikali. Rangi ilikuwa ya Serikali. Yeye mwenyewe, kwa mkono wake, alikuwa ameizungushia Serikali shamba la mama mkwe wake.

“Ving’oe,” Bénédicte akasema.

“Huko kwenu munang’oa mti wa mpaka?”

“Hapana,” akasema. “Hata kwetu.”

Mwanzoni mwa 2004 Jean-Pierre alipita mtaani akitangaza: watu wote wa Shari wafike chemchemi siku ya Alhamisi, shirika la wazungu linarudisha msitu, na wakataji wataulizwa. Domitille alijua ni nani aliyekata wa kwanza. Wanawake mia walijua. Usiku huo hakula, na Alhamisi aliteremka bondeni miguu ikiwa mizito kama ya mtu anayepelekwa gerezani.

Papa Dominique alikuwa amefika kabla yake. Serikali ilikuwa imebadilika mara tatu, yeye alibadilisha kofia tu. Viatu vilikuwa vilevile. Kando yake alikuwa mzungu kijana, mwanamke, pua imeungua na jua, daftari mkononi. Hakujua Kiswahili, na Dominique ndiye aliyekuwa mdomo wake, hadi Bénédicte aliposogea akamsalimia kwa Kifaransa kizuri cha ualimu, akaomba kusaidia.

“Msitu huu uliharibiwa,” Dominique akatangaza. “Tutaupanda tena. Kalitusi, elfu tatu. Na wanaolima humu watoke leo. Na aliyeanza kukata atajulikana.”

Wanawake wakatazama chini. Domitille akafungua mdomo, na kilichotoka si alichokipanga.

“Hili ni shamba langu.”

“Uko na karatasi?”

“Sina. Na weye uko nayo?”

Hapo Dominique akakwama kidogo, maana karatasi yake ilikuwa imekwisha kula maandazi na watu. Lakini hakukosa jibu. Watu wa ofisi hawakosi. Akanyoosha kidole kuzunguka bonde.

“Karatasi ya nini? Tazameni mpaka. Vigingi viko! Vya Mazingira, na rangi yake. Vita vimepita, mpaka umesimama.”

Bénédicte akamtafsiria mzungu. Mzungu akageuka, akatazama, akaandika. Domitille alihisi ardhi laini ikimzamisha. Ndiyo hapo, alifikiri. Kwa mkono wangu.

Jean-Pierre, ambaye alikuwa amesimama upande wa Dominique kama kawaida, alikwenda hadi kwenye kigingi cha karibu. Alishika jani, akalivuta taratibu kati ya vidole. Sijui kama alikuwa ameviona siku zote na hakutaka kuvifikiria. Mtu wa namna yake huona anapoona faida. Lakini mke wake naye alikuwa amepanga foleni alfajiri miaka miwili, akarudi kila siku akimsemea maneno, na leo alikuwa amesimama mstari wa mbele, mikono kiunoni, akimtazama.

“Papa Dominique,” chifu akasema, “huu ni mti gani?”

“Ni fimbo. Imeota tu, kwa sababu ya maji.”

Watu wakaguna. Mzee mmoja akakohoa kicheko.

“Nani alizipanda?”

“Si weye ulikuwapo, chef? Ulikuwa unahesabu! Ni huyu mama. Alivipiga vyote, kimoja kimoja, mbele yako na mbele yangu. Muulizeni akatae!”

“Na weye ulipanda hata kimoja?”

“Mimi?” Dominique akatazama viatu vyake. “Mimi ni agent wa Serikali, si mulimaji. Sikugusa hata kimoja. Mimi nilionyesha.”

Kisha mke wa chifu akapiga makofi mara moja, paa, na kicheko kikapasuka bonde zima. Wanawake waliinama, wakashikana mabega. Dominique aligeuka huku na huku kama mtu aliyepoteza mbuzi sokoni.

“Wanacheka nini?” mzungu akamuuliza Bénédicte.

Bénédicte akamweleza polepole, kama anavyowaeleza darasa la tatu. Kwamba huu ni mti wa mpaka. Kwamba shamba ni la mkono uliopanda, si la kidole kilichoonyesha. Kwamba huyu mama aliupanda kuzunguka shamba lake mbele ya chifu, na ofisi ya Mazingira ilikuwa shahidi, na imethibitisha sasa hivi kwa mdomo wake. Kwamba mvua mbili zilipita, na zaidi, na vita, na watu maelfu waliotafuta kuni, na hakuna aliyeung’oa.

“Na mstari wa juu ni wa mama mkwe wake,” mzee aliyekohoa akaongeza. “Mimi nilikuwapo Scholastique akiupanda. Hizi ni fimbo za ule. Ni mti mumoja.”

Domitille hakuwa amelifikiria hilo. Miaka minne aliibeba ile siku kama aibu, na kumbe alikuwa amemzungusha Scholastique bonde zima, pembe zote, kama mama mzee alivyomzungusha yeye.

“Lakini chemchemi inataka miti!” Dominique akapaza sauti. “Iko mu kitabu!”

Mke wa chifu hakujibu. Alichukua bidoni tupu, akaiweka chini ya jiwe, akamgeukia mzungu, akamsalimia kwa adabu zote: “Jambo, mama. Habari ya safari?” Bidoni ikajaa, ikamwagika juu ya viatu vyeusi vya Dominique. Kisha akaeleza, Bénédicte akitafsiri, ilikuwa inachukua muda gani wakati kalitusi imesimama. Mzungu akaweka mkono wake ndani ya maji. Akauliza maswali mengi, akaandika kurasa mbili. Mwishoni akasema shirika halipandi mti juu ya ardhi ya mtu bila ruhusa yake, na kama wanataka miti ya kulinda chemchemi waseme wenyewe ipi. Habari ya wakataji hakuiuliza tena. Ukipanda juu ya shamba la mtu bila ruhusa, na mtu akakata, unamuuliza nini?

“Muniletee migomba,” Domitille akasema. “Na machungwa. Miche ile niliyoitilia kidole.”

Jean-Pierre aliandika karatasi palepale, kwenye goti, na safari hii Bénédicte aliisoma kwa sauti, mara mbili, neno kwa neno, kabla Domitille hajatia kidole. Dominique alikuwa ameanza kupanda njia, akiinua miguu kama kuku kwenye umande.

Watu walipoondoka, Domitille alikaa chini kwenye matope, kati ya vitunguu, na ule mfupa wa samaki uliokaa kifuani miaka minne ukashuka. Alivuta pumzi hadi tumboni. Alikuwa amesahau inafika huko.

“Inuka,” Bénédicte akasema, “utavunja vitunguu.”

“Ni vyangu. Nitavunja nikitaka.”

Orodha hakuifuta. Antoine alibaki, na alipokutana na Dominique sokoni wiki ile alimtazama kama unavyotazamwa ukuta. Lakini kalitusi aliitoa. Mti ulitumwa tu, alisema. Haukuja kwa miguu yake.

Jumamosi alimpeleka Bénédicte upande wa chini wa bonde, penye unyevu mzuri, akachora mstari kwa kisigino.

“Kutoka hapa mpaka kule, lima. Mpaka siku Djugu itatulia.”

Bénédicte akajipangusa uso na kona ya kitenge, akajaribu kucheka. “Na kati yetu tuweke mpaka? Siye ni dada sasa.”

“Ndiyo maana,” Domitille akasema. Akakata fimbo mbili kutoka kigingi cha karibu, chenye rangi nyeupe iliyobaki kichwani, akampa moja. “Hiyo ya kule utapanda mwenyewe. Usingojee mtu akuonyeshe.”